Je, wajua kabila lililolipwa dola milioni 170 liliwagawiaje watu wake?

Ngāi Tahu ni kabila la Wamaori wa Kisiwa cha Kusini, Nyuzilandi. (Hiyo ng itamke kama ya ng'ombe, hapa Mswahili ana nafuu kuliko Mwingereza.) Madai yao ya ardhi yalianza mwaka 1849, na sheria ya kuyamaliza ikapitishwa 1998, pamoja na fidia ya dola milioni 170 za huko. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza, mwisho wake nilijimalizia mwenyewe: foleni, majina yanaitwa, kila mtu anaondoka na bahasha yake. Nikawasimulia watu hivyo kwa muda mrefu, tena kwa kujiamini.

Hakuna bahasha. Na kosa langu lilikuwa na pacha wake, kwa kuwa niliposikia kabila linagharimia miradi nilidhani ni serikali inayotoa fungu kila mwaka. Piga hesabu kidogo. Leo waliojiandikisha wanapita 80,000. Ukizigawa zile milioni 170, kila mmoja anaambulia kama dola 2,100. Mwaka 1998 walikuwa wachache zaidi, kwa hiyo mgao ungenona kidogo, lakini mtoto wa kuzaliwa 1999 angekuta sufuria imeshaoshwa. Na watoto hawaishi kuja: uanachama hupatikana kwa nasaba, kwa kuonyesha kwamba umetokana na mmoja wa wazee wa kabila waliokuwa hai mwaka 1848. Ukizaliwa Sydney au London si hoja.

Watu wa pwani tuna neno la jambo hili: wakfu. Mzee ameuachia msikiti minazi arobaini. Minazi haiuzwi, hairithiwi. Zinazouzwa ni nazi, na fedha ya nazi ndiyo inayonunua mikeka na kumlipa fundi. Paa likivuja, msimamizi hachukui shoka. Anasubiri nazi zianguliwe tena. Akikata mnazi mmoja atapata mbao za leo, na pengo la miaka yote ijayo.

Shamba la Ngāi Tahu ni kampuni yao, Ngāi Tahu Holdings: majengo, mashamba, uvuvi, utalii. Zile boti za kasi za Shotover Jet kule Queenstown ni zao. Anayeimiliki kampuni ni mfuko wa hisani, na mdhamini wa mfuko ni baraza kuu, Te Rūnanga o Ngāi Tahu, lenye wajumbe kutoka mabaraza 18 ya maeneo. Sehemu ya faida huenda kwenye mfuko, sehemu hubaki shambani kuwa miche. Lugha, uchongaji, ukarabati wa marae (viwanja vyao vya mikutano na misiba), vyote hula nazi.

Mfano huu unachechemea mahali pamoja. Mnazi wa wakfu hukaa palepale, ilhali kampuni huuza kiwanja hiki ikanunua kile. Tena inaweza kukosea, au kukosewa na dunia: mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, boti zilisimama.

Halafu kuna Whai Rawa, na hapa bahasha yangu inarudi kwa mlango wa uani. Huu ni mpango wa akiba ulioanza 2006. Mwanachama anaweka chake, kabila linamwongezea. Na kwa kila dola, nyongeza ya mtoto ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Waliowahi kucheza kikoba watauelewa upesi, isipokuwa hapa zamu ya kupokea haifiki haraka. Kwa kawaida fedha hutoka kwa mambo matatu: masomo ya juu, nyumba ya kwanza, na kustaafu. Harusi haimo.