"Mtandao Unasumbua", Kumbe Chaja: Dhana Potofu kuhusu Nyumba Zinazoendeshwa na Linux

Kiswahili chetu kimelitwisha neno "mtandao" mzigo mkubwa mno. Kampuni ya simu ni mtandao, intaneti ni mtandao, Wi-Fi ya sebuleni ni mtandao, na hata ile kebo inayotoka kwenye ruta kwenda stoo nayo ni mtandao. Kwa hiyo mteja anaponipigia na kuniambia "fundi, mtandao unasumbua tena", ninachoelewa ni kwamba taa za uzio hazikuwaka au pampu ya kisima haikujizima, basi. Ninafunga mifumo ya Home Assistant, programu ya kuendesha taa, pampu na vihisi vya nyumba, katika nyumba za Dar es Salaam, mingi ikiwa juu ya bodi za Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo za bodi moja, zinazoendeshwa na mfumo endeshi wa Linux, na ninapoitwa kurudi kurekebisha nilichokwisha kukifunga, chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi hakihusiani na mtandao kwa maana yoyote ile ya neno hilo. Ni chaja.

"Chaja ni chaja, mradi inaingia"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Siku moja niliitwa na mama mmoja wa Mbezi, nikamkuta amekwisha kubadilisha laini ya ruta mara mbili, amenunua bando la mwezi mzima na amemwita mtu wa kumfungia antena ya nje. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipa simu yake niangalie: vihisi vyote vya Zigbee, redio ya masafa mafupi ya vifaa vya nyumbani isiyo Wi-Fi, kuanzia kile cha kina cha maji kwenye tangi hadi vya milango, vilikuwa vinaonyesha kwamba havipatikani. "Umeona, mwanangu? Mtandao huo." Taa zake mbili za Wi-Fi zilikuwa zinaitikia bila kusita, jambo ambalo peke yake lingetosha kuiondolea ruta lawama, lakini sikubishana naye, niliomba ufunguo wa stoo.

Bodi ilikuwa pale nilipoiacha, ni Raspberry Pi 4 yenye diski ya SSD na kipokezi cha Zigbee kwenye matundu yake ya USB. Chaja ndiyo haikuwa ile niliyoiacha. Mjukuu alikuwa ameichukua kwenda nayo chuoni kwa sababu "inachaji haraka", na mahali pake ikawekwa chaja ya simu ya zamani yenye kebo nyembamba ya mita mbili. Niliingia kwenye mfumo kwa SSH, njia ya kuiandikia bodi amri kutoka kompyuta nyingine, nikaandika `vcgencmd get_throttled`, amri ya kuiuliza bodi kama inapata umeme wa kutosha, na jibu likaja 0x50005. Tarakimu 5 ya mwisho ni jumla ya 1 na 4: volti ziko chini ya kiwango wakati huu huu, na prosesa imepunguzwa kasi wakati huu huu. Tarakimu 5 ya mwanzo inasema kwamba hayo yote mawili yamekwisha kutokea angalau mara moja tangu bodi iwashwe. Nilipofungua kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa amri ya `dmesg`, nilikuta mistari mingi ya kipokezi cha Zigbee kikijitoa kwenye USB na kurudi, kikijitoa na kurudi, kama mtu anayesinzia kwenye daladala.

Mnyororo wenyewe ni mfupi. Diski inaandika, inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinashuka chini ya 4.63 ambacho ndicho kiwango cha bodi hiyo kutoa onyo, vifaa vilivyochomekwa kwenye USB vinayumba, kipokezi kinapotea, na vihisi vyote vilivyokuwa vikizungumza kupitia kwake vinakosa mkuu wa kuwapokea. Simu inaandika "haipatikani". Mwenye simu anasema "mtandao".

Watu huniuliza: mbona chaja hiyo hiyo inachaji simu vizuri? Inachaji kwa sababu simu ina betri na saketi inayojua kuvumilia. Volti zikishuka, simu inapunguza kiasi inachovuta na kuchelewa kujaa, na mwenyewe halioni hilo. Raspberry Pi haina betri wala subira. Inavuta kile inachohitaji wakati inapokihitaji, na isipokipata inaanza kukosea. Waingereza walioitengeneza wanataka Pi 4 ipewe volti 5.1 na ampea 3, na ile 0.1 ya ziada haikuwekwa kwa mapambo. Imewekwa kufidia kile kinachopotea njiani.

Na njiani panapotea kingi. Waya wa shaba wa namba 28 AWG (kipimo cha unene wa waya, ambapo namba ikipungua waya unanenepa), ambao hupatikana ndani ya kebo nyingi za bei rahisi, una ukinzani wa takriban ohmu 0.21 kwa kila mita. Kebo ya mita mbili ina mita nne za waya ukihesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo ni ohmu 0.85 hivi. Ukivuta ampea moja tu, volti 0.85 zinabaki kwenye kebo, na 5.1 uliyoilipia dukani inafika kwenye bodi ikiwa 4.25, kabla hatujafikia hata nusu ya mzigo unaoruhusiwa. Kebo hiyo hiyo ingekuwa na waya wa 20 AWG, upotevu ungekuwa kama volti 0.13. Ndiyo maana napendelea chaja ambayo kebo yake haichomoki, kwa kuwa aliyeiunda alijua urefu na unene wa waya wake, na hakuna mjukuu atakayebadilisha kebo peke yake.

Mafundi wenzangu wa umeme nao hunijia na ushahidi wa multimita: wamepima kichwa cha kebo, wakaona 5.1, wakaamini kesi imekwisha. Walipima kebo isiyobeba kitu. Bila mzigo, hata kebo mbovu kabisa huonyesha volti kamili. Pima bodi ikiwa inafanya kazi na diski inaandika, kati ya pini ya 4 na pini ya 6 za GPIO, ile safu ya pini zilizosimama ukingoni mwa bodi, ukiwa na mkono mtulivu, kwa sababu kando ya pini ya 2 yenye volti 5 kuna pini ya 1 yenye volti 3.3, na ncha ya multimita ikizigusanisha, bodi hiyo utaipeleka kwenye kabati la kumbukumbu.

Kuna pia wale wanaonunua chaja kubwa ya kompyuta ya mapajani, ya wati 65, wakidhani wamemaliza tatizo. Wati hizo zinapatikana kwenye volti 20. Kwenye volti 5 chaja ya aina hiyo kwa kawaida hutoa ampea 3 tu. Kwa Pi 4 hiyo inatosha. Kwa Pi 5, inayotaka ampea 5 kwenye volti 5, bodi itawaka lakini itabana matundu yote ya USB kwa jumla ya miliampea 600, na mwenye diski ya SSD ataanza upya hadithi ya mama wa Mbezi. Mimi sifungi mfumo wowote bila chaja iliyotengenezwa kwa bodi hiyo hiyo, na siku hizi naibandika karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SI YA SIMU.

"Intaneti ikikatika, nyumba nayo inalala"

Italala ikiwa ulinunua vifaa vinavyotuma kila amri hadi seva ya kampuni iliyoko ng'ambo na kusubiri jibu. Amri za Zigbee hazipiti kwenye intaneti, na vifaa vya Wi-Fi vyenye programu huru za ESPHome au Tasmota ndani yake huzungumza moja kwa moja na bodi kupitia ruta. Ukitaka kujua nyumba yako iko upande gani, chomoa laini kwenye ruta huku ruta yenyewe ikiwa imewashwa, kisha fungua anwani ya bodi kwenye bandari 8123, namba ya mlango wa Home Assistant, na ujaribu swichi moja baada ya nyingine. Zitakazokataa ndizo ulizouziwa kwa mkopo wa bando.

Lakini ruta yenyewe ikizimika umeme unapokatika, vifaa vya Wi-Fi vitanyamaza hata kama bodi ina betri. Ruta na bodi vilindwe pamoja. Usitumie pawabanki kwa kazi hiyo, maana nyingi hukatika kwa kitambo kifupi zinapohama kutoka kuchajiwa kwenda kutoa umeme, na kitambo hicho kinatosha kuzima Linux katikati ya kuandika.

"Niwekee kwenye 5G, ndiyo yenye kasi"

5G ni kizazi cha mtandao wa simu. Kilichoandikwa kwenye ruta yako ni gigahazi 5, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Chipu ya ESP8266, iliyomo katika swichi na soketi nyingi za bei nafuu, haina uwezo wa kuona gigahazi 5 hata ukiisogeza ikae juu ya ruta. Inatumia 2.4 peke yake, nayo inamtosha mtu anayetuma amri ya baiti chache ya kuwasha taa ya varanda. Kama ruta imeunganisha masafa yote mawili chini ya jina moja na kifaa kinakataa kujiunga, zima gigahazi 5 kwa dakika kumi, kiunganishe kifaa, kisha iwashe tena. Na usiviweke vifaa hivyo kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa kuwa ruta nyingi huko huzuia vifaa visionane, na bodi itabaki kuviita visivyosikia.

"Kipokezi cha Zigbee kikae karibu na bodi"

Kiko karibu mno tayari, na hapo ndipo penye tatizo. Matundu ya buluu ya USB 3.0, pamoja na diski na kebo zake, hutoa kelele za redio kwenye masafa yale yale ya gigahazi 2.4 ambayo Zigbee inayatumia; Intel waliandika waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012, na bado kila wiki nakuta kipokezi kimegandana na SSD kama pacha wake. Nunua ekstensheni ya USB ya mita moja, ichomeke kwenye tundu jeusi, ukitundike kipokezi mbali na vyuma. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ninavyofunga, na hakuna kingine kilichowahi kunifutia safari nyingi kiasi hicho.

Kuhusu chaneli, ruta ikiwa kwenye chaneli 1 ya Wi-Fi, ambayo katikati yake ni megahazi 2412, chaneli 25 ya Zigbee kwenye 2475 inakaa kwa amani. Chagua mapema, kwa kuwa kuibadilisha baadaye kunaweza kukulazimu kuunganisha upya baadhi ya vihisi kimoja kimoja, pamoja na kile kilicho juu ya tangi.

"Jana ilikuwa ttyUSB0, na leo ni ttyUSB0"

ttyUSB0 ni jina ambalo Linux hukipa kifaa kilichochomekwa kwenye USB, nayo hugawa majina hayo kwa kufuata aliyetangulia kufika. Ukiwa na kipokezi cha Zigbee na kebo ya kusomea mita ya sola, siku umeme utakaporudi vinaweza kubadilishana majina, na mfumo utaanza kuisemesha mita kwa lugha ya Zigbee. Andika kwenye mipangilio njia ndefu iliyo ndani ya `/dev/serial/by-id/`, ambayo hufuata kifaa chenyewe.

Anwani ya IP, ile namba ambayo ruta huipa bodi, ina ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Ingia kwenye ruta, itengee bodi anwani yake kwa kutumia namba yake ya MAC, ambayo ni ya kifaa chenyewe tangu kiwandani, na uiachie ruta kazi hiyo. Wanaoiandika kwa mkono ndani ya bodi hunipigia simu siku wanapobadilisha ruta, kwa sababu ruta mpya inatumia safu nyingine kabisa na bodi imebaki peke yake inaishi kwenye mtaa uliobomolewa.

"Nifungulie bandari kwenye ruta, niione nyumba nikiwa safarini"

Kwenye ruta nyingi za laini ya simu haiwezekani. Angalia anwani ya nje ambayo ruta imepewa: ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani moja inayotumiwa na wateja wengi wa kampuni, na hakuna mlango wa mbele ulio wako wa kufungua. Hata pale inapowezekana, sifungui. Kuianika bandari 8123 kwa dunia nzima ni kuwakaribisha wapita njia wajaribu vitasa. Tumia Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, ambayo huanzisha mawasiliano kutokea ndani kwenda nje.

"Futa kila kitu, usakinishe upya"

Ni desturi tuliyoibeba kutoka kwenye kompyuta za ofisini. Kadi ya kumbukumbu huharibika kweli, kwa kuwa Home Assistant ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo huandika kwenye hifadhidata kila sekunde 5 na kutunza historia ya siku 10, na kadi ya bei rahisi haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu nafunga SSD. Lakini kusakinisha upya kabla ya kusoma `dmesg` ni kufua shati ili kuondoa tundu. Kijana mmoja wa Tabata alisakinisha upya mara tatu katika wiki moja, kila mara kwa kadi mpya, na mara zote tatu bodi ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB la nyuma ya televisheni, linalotoa nusu ampea.