Upasuaji wa kuruhusiwa siku hiyohiyo: je, unahitaji dawa ya kutuliza hofu?

Hapa Iringa wagonjwa wa ngiri hutuuliza swali hili kwa sauti ya chini, hasa wanaume: "Daktari, hakuna kidonge cha kunituliza?" Kipo. Diazepam, lorazepam na midazolam hupunguza wasiwasi. Ila si kila mwenye hofu anazihitaji.

Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba dawa hizi humchelewesha mgonjwa kwenda nyumbani. Tafiti zilizopitiwa kuhusu watu wazima wanaopasuliwa na kuruhusiwa siku hiyohiyo hazikuonyesha hivyo. Waliopewa na wasiopewa waliondoka kwa muda unaokaribiana. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja, akili kuchangamka ni jingine. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000 waliopewa nusu kaputi, ulionyesha kuwa waliomeza lorazepam hawakuwa wameridhika na huduma zaidi ya wenzao, na akili zao zilichelewa kurudi sawasawa. Ndiyo maana siigawi kwa kila mtu. Wengi hutulia wakishaelezwa nani atawalaza, wataamka wapi na maumivu yatazuiwaje. Dawa naibakiza kwa yule ambaye hofu imemzidi kabisa, na kwa mzee au mtu anayekoroma hadi pumzi kukatika naifikiria mara mbili.

Midazolam ina tabia nyingine: hufuta kumbukumbu. Unaweza kuitikia maelekezo yote ya kidonda, ukafika Mafinga hukumbuki hata moja. Kwa hiyo njoo na ndugu mtu mzima, ayasikie yeye, apande nawe basi na alale nyumbani kwako usiku huo. Kwa saa 24 usiendeshe bodaboda, usishike msumeno, usitie sahihi mkataba wa shamba. Ulanzi pia uache, hata ukiambiwa ni mtamu wa leo. Pombe na dawa hizi vikikutana hulegeza upumuaji.

Kinachotusumbua zaidi ni kidonge cha jirani kilichomezwa nyumbani alfajiri. Diazepam hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na tukiongeza ya kwetu juu yake bila kujua, pumzi yako inaweza kushuka. Kama umemeza, sema kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Hatutakufokea. Tupe jina la dawa, idadi ya vidonge na saa uliyomeza. Ukiwa na paketi yake, njoo nayo.