Waliofikiwa ni wengi, waliopona je? Dhana potofu kuhusu ripoti za mashirika ya afya

Ripoti za mwaka za mashirika ya hisani yanayoshughulikia afya zimefanana sana: jalada lina mtoto anayecheka, na ukurasa unaofuata una namba yenye sifuri nyingi. Mara nyingi namba hiyo si ya uongo. Shida ni kwamba wengi wetu huisoma kana kwamba inaeleza nani amepona, ilhali inaeleza tu nani amehudumiwa, na wakati mwingine hata hilo haielezi vizuri. Dhana zifuatazo nazisikia kwa wachangiaji, na nazisikia pia kwa wanaoziandika ripoti zenyewe.

Dhana: Waliofikiwa wakiwa wengi, waliosaidika nao ni wengi

Mjamzito anayehudhuria kliniki mara nne anaweza kuandikwa mara nne daftarini, na kufikia Desemba akawa wanufaika wanne. Kipindi cha redio kinachorushwa katika eneo la watu milioni moja huhesabiwa kuwa kimewafikia wote milioni, wachanga na wasio na redio wakiwemo. Semina ya wauguzi nayo hupimwa kwa karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo ina sahihi; haina habari ya aliyesinzia tangu asubuhi.

Lakini tuseme hesabu ni safi na huduma imefika kweli. Bado hujajua kitu. Katika jimbo la Uttar Pradesh, India, vituo 120 vya kujifungulia viligawanywa kwa kura mafungu mawili. Wahudumu wa fungu moja walipewa orodha ya Shirika la Afya Duniani ya hatua za uzazi salama, na makocha wakawafuata kazini kwa miezi kadhaa kuwaelekeza. Wajawazito zaidi ya 150,000 na watoto wao walifuatiliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba miezi miwili baada ya kuanza, wahudumu wenye orodha walikuwa wakitimiza karibu 73% ya hatua zilizotakiwa, wenzao 42% tu. Usafi wa mikono ulipanda, upimaji wa shinikizo la damu ukapanda. Kisha watafiti wakahesabu vifo na madhara makubwa ya uzazi kwa pamoja: 15.1% kwa waliokuwa na orodha, 15.3% kwa wasiokuwa nayo. Hiyo si tofauti.

Fikiria ripoti ambayo ingeandikwa na shirika lililoishia kuhesabu wahudumu waliofunzwa na hatua zilizotimizwa. Ingekuwa ripoti ya ushindi mtupu, na kila sentensi yake ingekuwa ya kweli.

Dhana: Vifo vimepungua tangu mradi uanze, kwa hiyo mradi ndio uliovipunguza

Mwaka 1990 watoto zaidi ya milioni 12 duniani walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa chini ya milioni 5. Kwa mteremko huo, ukianzisha mradi wowote karibu popote, hata wa kugawa kofia, miaka mitano baadaye utakuta vifo vya watoto vimepungua. Na miradi mingi huanzishwa baada ya mwaka mbaya, mlipuko ukiwa umepamba moto na wafadhili wamestuka. Mwaka mbaya kwa kawaida hufuatwa na mwaka wa wastani, mradi uwepo usiwepo.

Ndiyo maana swali zito ni hili: hali ingekuwaje bila mradi? Njia safi ya kulijibu ni kupata kundi la kulinganishia, ikiwezekana kwa kura. Nchini Malawi, jiko lenye moshi mdogo liligawiwa kwa vijiji vilivyochaguliwa kwa kura, na watoto zaidi ya 10,000 wakafuatiliwa. Hoja ilikuwa nzuri kabisa: moshi unachangia nimonia, jiko hili linapunguza moshi, basi nimonia itapungua. Matokeo yalipotoka mwishoni mwa 2016, nimonia ilikuwa sawasawa pande zote mbili. Moshi wa jikoni haukuwa moshi pekee uliokuwa ukiwafikia watoto hao.

Dhana: Basi kila shirika lifanye utafiti wa namna hiyo

Hapana, na hapa naona wenye shauku ya ushahidi wanapitiliza. Majaribio ya zamani yalikwisha kuonyesha kwamba chandarua chenye dawa hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban 17% ikilinganishwa na kutokuwa na chandarua chochote. Shirika linalogawa vyandarua halina haja ya kulithibitisha upya jambo hilo kwa fedha za wachangiaji. Linachopaswa kuthibitisha ni vitu vidogo vinavyochosha: vimefika? Vimetundikwa? Nani alilala ndani yake usiku wa jana? Baada ya miaka miwili vina matundu mangapi? Mbu wa eneo hilo bado wanakufa kwa dawa ile?

Maswali hayo hayajibiwi ofisini. Mtu anabisha hodi, anaomba aingie chumba cha kulala, na anaangalia kwa macho yake kama chandarua kimening'inia juu ya kitanda au kingali ndani ya mfuko wake wa plastiki juu ya kabati. Nyumba zichaguliwe kwa kura. Zikichaguliwa na kiongozi wa kijiji, utapelekwa kwa wale ambao vyandarua vyao vimenyooka.

Dhana: Maisha yaliyookolewa yamehesabiwa mtu mmoja mmoja

Hakuna anayeweza kumnyooshea kidole mtoto ambaye angekufa. Idadi hiyo ni makadirio: unachukua vifo vilivyotarajiwa, ongezeko la waliopata huduma, na uwezo wa huduma kuzuia kifo, kisha unapiga hesabu. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kina programu maalumu ya kompyuta kwa kazi hiyo, nayo hutumiwa na mashirika mengi. Makadirio si dhambi. Ila yanafuata ulichoyalisha. Ukikosea idadi ya waliopata huduma, na maisha nayo yanakosewa.

Kuna na suala la nani anajihesabia. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulitangaza mwaka 2024 kwamba maisha milioni 65 yameokolewa tangu 2002. Ukisoma kwa makini utaona yanayohesabiwa ni mafanikio ya ushirikiano mzima, ikiwemo kazi iliyolipiwa na serikali husika na wafadhili wengine. Ni utaratibu unaokubalika na umeelezwa wazi. Kosa ni la msomaji anayechukua ripoti za wafadhili watatu wa mpango mmoja na kuzijumlisha.

Dhana: Takwimu za vituo zinatosha, kwa kuwa zimeandikwa na wataalamu

Muungano wa chanjo wa GAVI uliwahi kuzilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyeripotiwa kupata dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Uchambuzi uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2008 ulilinganisha ripoti za serikali na tafiti za kaya. Ripoti zilisema watoto wa ziada ni milioni 13.9, tafiti zilikadiria milioni 7.4.

Si lazima pawepo mwizi. Madaftari hujumlishwa vibaya, dozi iliyotoka stoo huandikwa kama mtoto aliyechanjwa, na idadi ya watoto wa eneo hutokana na sensa ya kale. Ndiyo maana utakuta wilaya inajivunia kuchanja 112% ya watoto wake. Lakini namba inapogeuka kuwa mshahara, makosa yote huelekea upande mmoja.

Dhana: Shirika bora ni lile lenye gharama ndogo za ofisi

Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazotathmini mashirika ya hisani ziliandika barua ya pamoja kuipinga imani hii. Karani wa takwimu, gari la kwenda kukagua, mkaguzi wa nje: mara nyingi huingia kwenye fungu la uendeshaji. Ukiwapunguza, unabaki na karatasi ya mahudhurio.

Dhana: Wagonjwa wakiongezeka, mradi umeshindwa

Kwa kifua kikuu ni kinyume. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua, lakini walioripotiwa kugunduliwa walikuwa milioni 8.2. Mradi unaotuma watu kuwatafuta hao waliobaki utapandisha idadi ya wagonjwa katika wilaya, tena haraka. Kwa hiyo itazame pamoja na idadi ya waliopimwa. Waliopimwa wakiwa wachache na sehemu kubwa yao wakakutwa na ugonjwa, maana yake wanapimwa wale waliokwisha kuzidiwa tu, na utafutaji haujaanza.