Je, wajua kwa nini mzee mwenye demensia akitoka hospitali analala mchana na kukesha usiku?

Kama umewahi kumuuguza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau utakuwa unaijua hii hali. Kabla ya kulazwa alikuwa analala vizuri tu, anarudi nyumbani mchana kutwa kalala fofofo hata kula mpaka umwamshe, halafu usiku wa manane macho makavu.

Bibi yetu alilazwa siku 11 kwa nimonia. Usiku wa kwanza nyumbani, saa nane, namkuta kaketi kitandani anakunja kanga zake, anazifunga furushi taratibu kabisa, ananiambia mjukuu wangu inuka twende ng'ombe hawajafungwa. Ng'ombe wenyewe waliuzwa zamani mno. Mimi nikadhani ndo akili imeshaondoka, kumbe kuna sababu.

Ndani ya ubongo kuna kijisehemu kidogo kama punje ya mchele, kina seli kama 20,000 hivi, ndicho saa ya mwili. Kinapokea habari za mwanga kutoka kwenye macho, kukiingia giza kinaruhusu homoni inayoitwa melatonini itoke, ndo usingizi unakuja. Sasa kwa mtu mwenye demensia, hasa ile ya Alzheimer, seli za hapo zinapungua, saa inabaki dhaifu, na kama ana mtoto wa jicho mwanga wenyewe unafika kidogo.

Halafu mpeleke wodini. Taa zinawaka usiku kucha, nesi anakuja kupima presha saa tisa usiku, dripu mkononi, mgonjwa wa pembeni anaugulia, na mchana yuko kitandani tu hatoki nje hata kidogo. Saa ambayo tayari ilikuwa inayumba inakosa kabisa cha kushika. Ndo maana nasema usiku wa mzee unatengenezwa asubuhi, watu wengi tunahangaika na usiku wakati tumeshaharibu mchana.

Sisi tulianza na jua. Saa moja na nusu asubuhi bibi anatolewa barazani na kiti chake, hata kivulini inatosha kwa sababu mwanga wa nje hata kivulini unaushinda wa sebuleni mara nyingi sana. Anakunywa uji hapo hapo, anapewa mchele achague au maharage apukuchue, mikono ifanye kazi. Mchana analala nusu saa tu, ikifika saa tisa alasiri hatumwachi asinzie tena, tunatembea naye mpaka getini na kurudi. Chai ya rangi mwisho mchana. Jioni tunazima TV, taa kali zinazimwa inabaki moja hafifu ya kuonesha njia ya choo, maana akiamka gizani anaogopa, na akianguka mnarudi kule kule wodini.

Dawa nazo ziangalieni. Vile vidonge vya presha vinavyokojosha, muulizeni daktari kama anaweza kumeza asubuhi, akimeza jioni atakesha chooni. Na tafadhali msimpe Piriton au Valium eti alale, zinaweza kumchanganya zaidi na kumwangusha. Kingine ni maumivu, mzee wa hivi hawezi kukwambia mgongo unauma au hajapata choo siku nne, yeye atahangaika tu, kwa hiyo ni wewe wa kuangalia uso wake akigeuzwa.

Ila kama kachanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja mbili, au mchana haamshiki vizuri, au ana homa, au mkojo unamuuma, hiyo sio ya kusubiri, mrudisheni hospitali, mara nyingi kuna maambukizi yamejificha.

Kwa bibi ilichukua kama wiki tatu. Mwanzoni nilikuwa nabishana naye, bibi ng'ombe hawapo, analia. Baadaye nikawa namwambia bibi nimeshawafunga, wamekunywa maji. Ananiuliza na yule mwekundu? Na mwekundu, bibi. Anavuta shuka, analala.