Naskhi: aya iliyoondoka kwenye kisomo, hukumu ikabaki

Ukiwahi kukaa kwenye mihadhara ya dini linganishi, au kufuatilia mabishano ya Waislamu na Wakristo mitandaoni, hadithi ya mbuzi utakuwa umeisikia. Upande mmoja unauliza: mnasema Qur'ani imehifadhiwa, mbona mbuzi alikula aya? Upande wa pili, mara nyingi kwa hasira, unajibu kwamba hadithi hiyo ni ya uongo, basi. Wote wawili wanairuka dhana ambayo wanavyuoni wameijadili kwa zaidi ya miaka elfu moja: naskhi, yaani kufutwa kwa aya au hukumu kwa amri ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, wakati wahyi (ufunuo) ungali unateremka.

Tuanze na huyo mbuzi. Ibn Majah, mkusanyaji wa hadithi, katika kitabu cha ndoa, amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba aya ya rajmu, yaani mzinifu kupigwa mawe hadi kufa, na aya ya kumnyonyesha mtu mzima mara kumi ziliteremka, na zilikuwa kwenye waraka chini ya kitanda chake. Mtume (S.A.W.) alipofariki na watu wakashughulika na msiba, akaingia mnyama wa kufugwa akaula ule waraka. Sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, inapita kwa Muhammad bin Is-haq, mwandishi mashuhuri wa sira, kutoka kwa Abdullah bin Abi Bakr, kutoka kwa Amra, kutoka kwa Aisha.

Sasa mtazame Imam Malik. Yeye naye alipokea kwa Abdullah huyo huyo, kutoka kwa Amra huyo huyo, na riwaya yake imo kwenye Muwatta, kitabu chake cha hadithi, na kwenye Sahihi ya Muslim. Ndani yake mna habari ya kunyonyesha mara kumi, idadi ya kumfanya mtu awe ndugu wa maziwa, kufutwa kwa mara tano. Hakuna kitanda, hakuna mnyama, hakuna rajmu. Kwa watu wa hadithi, mpokezi mmoja akija na ziada kubwa ambayo aliye madhubuti kuliko yeye hakuileta, ziada hiyo hutiliwa shaka, na ndiyo sababu wengi wameidhoofisha. Lakini wapo pia walioipa daraja ya hasan, yaani inayokubalika ingawa iko chini ya sahihi. Anayesimama jukwaani akasema haimo kitabuni popote, basi kitabu hajakifungua.

Na hata ukiikubali, haina uzito inaopewa. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliihesabu kuwa sahihi kisha akasema haidhuru kitu: aya zilikuwa zimeshahifadhiwa na watu, waraka kuliwa hakupunguzi chochote. Qur'ani ilishikwa kwanza kwa ulimi na kifua, karatasi ikaja kama msaidizi. Baada ya vita vya Yamama, ambako wasomaji wengi waliuawa, Abu Bakr alimwagiza Zayd bin Thabit aikusanye, naye akaitafuta kwenye makuti ya mitende, kwenye mawe bapa na kwenye vifua vya watu. Karibu mwaka 650 Uthman akaamuru nakala zilizosambazwa mijini. Mtoto wa chuo aliyehifadhi juzuu amma akipoteza msahafu wake, amepoteza msahafu tu.

Mwiba wenyewe uko kwa Umar bin Khattab, khalifa wa pili.

Bukhari, mkusanyaji mwingine wa hadithi, anasimulia kutoka kwa Ibn Abbas, swahaba. Ilikuwa hija ya mwisho ya Umar, mwaka 23 Hijria. Huko Mina alitaka kuhutubia jambo zito, Abdurrahman bin Awf akamsihi asubiri afike Madina, kwa kuwa msimu wa hija hukusanya watu wa kila namna na maneno yangebebwa vibaya. Ijumaa ya kwanza Madina, Ibn Abbas akawahi msikitini, akaketi karibu na mimbari, goti lake likigusa goti la Said bin Zayd. Umar akapanda, akasema kwamba katika yaliyoteremshwa ilikuwamo aya ya rajmu. Tuliisoma, tukaielewa, Mtume alirajimu na sisi tukarajimu baada yake. Akasema anaogopa zama zikirefuka mtu atakuja kusema: hatuikuti rajmu kwenye Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika riwaya ya Malik anaongeza kwamba, lau si watu kusema Umar ameongeza kwenye Kitabu, angeiandika.

Hapo ndipo naskhi inapohitajika. Wanavyuoni wanaitegemeza kwenye Al-Baqara 106, inayosema kwamba aya yoyote ikifutwa au kusahaulishwa, huletwa iliyo bora kuliko hiyo au iliyo mfano wake. Mafungu ya naskhi ni matatu. La kwanza halina ugomvi mkubwa: aya inasomwa, hukumu imekwenda. Al-Baqara 240 inamtaja mjane na masurufu ya mwaka mzima, na wengi wanasema eda ya miezi minne na siku kumi, iliyo kwenye aya ya 234 ya sura hiyo hiyo, ndiyo iliyoshika nafasi. Idadi ya aya za namna hii ilikuwa ikihesabiwa kwa mamia, mwanachuoni Suyuti akaipunguza hadi kama ishirini, na Shah Waliullah wa Delhi katika karne ya 18 akaifikisha tano. La pili ni kisomo na hukumu kuondoka pamoja, kama kule kunyonyesha mara kumi. La tatu ndilo la rajmu: kisomo kimeondoka, hukumu imebaki.

Kwa maoni yangu hili la tatu ndilo dhaifu kuliko yote, na si mimi wa kwanza kulionea shaka. Swali ni la mtoto: ikiwa hukumu inatakiwa, kwa nini maneno yake yaondolewe? Jibu la jadi ni kwamba umma ulijaribiwa utii wake, kama Ibrahim alivyotii kwa ndoto tu. Ni jibu la imani, na mwenye kuridhika nalo ameridhika. Ila maneno yenyewe yanayotajwa kuwa aya, "mzee mwanamume na mzee mwanamke wakizini warajimuni", Bukhari hakuyatia kwenye ile hotuba, na Nasai aliona kwamba mpokezi aliyeyaleta humo, Sufyan, amekosea. Tena hukumu ya fikihi haifuati uzee, inafuata kuwa mtu ameshaingia kwenye ndoa. Kijana wa miaka 20 aliyeoa yumo, mzee asiyeoa hayumo. Kwa Mashia, Ayatullah Khui alikwenda mbali zaidi: kusema kisomo kimefutwa, alisema, hakuna tofauti na kusema Qur'ani imepunguzwa, na aya ya Qur'ani haithibiti kwa habari ya mtu mmoja mmoja.

Jambo ambalo jukwaani halisemwi ni kwamba Khui huyo huyo hakuikataa rajmu. Kwa mafakihi wengi, Sunni na Shia, hukumu hii haijasimama juu ya aya iliyotoweka. Imesimama juu ya vitendo vya Mtume: kisa cha Maiz, cha mwanamke wa Ghamid, cha Mayahudi wawili wa Madina, wote waliorajimiwa kwa uzinzi. Kwa hiyo suala la kuhifadhiwa kwa Qur'ani na suala la kupiga mawe ni masuala mawili. Unaweza kuitupa aya ya rajmu na ukabaki na rajmu. Ukitaka kuibishia rajmu yenyewe, mlango wako ni wa hadithi.

Na mlango huo una mengi. An-Nur, aya ya 2, inataja mijeledi mia moja kwa mzinifu bila kutofautisha. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Abdullah bin Abi Awfa, swahaba, aliulizwa: Mtume alirajimu kabla ya kuteremka sura An-Nur au baada yake? Akajibu: sijui. Neno hilo moja limewatosha wengine kujenga hoja kwamba rajmu ilikuwa kabla, kisha mijeledi ikaifuta. An-Nisaa 25 nayo inampa mjakazi aliyeolewa nusu ya adhabu ya mwanamke huru, na kufa hakuna nusu. Makhariji (kundi la mapema lililojitenga na Waislamu wengine) wa tawi la Azariqa waliikataa rajmu tangu mwanzo, jambo lililowafanya wapinzani wa baadaye waonekane wanafuata nyayo mbaya. Jibu la wengi ni kwamba Sunna imeifanya aya ya An-Nur iwahusu wasiowahi kuoa tu, na kwamba matendo ya Makhalifa baada ya Mtume yanaonyesha hakuna kilichofutwa.

Hata wanaoithibitisha wameizungushia masharti ambayo karibu yanaifunga. Wanatakiwa wanaume wanne walioona tendo lenyewe, na vitabu havioni haya: kama kijiti cha wanja ndani ya kichupa chake. Maiz alipokuja kukiri aligeuziwa uso mara kwa mara, akaulizwa kama ana wazimu, akanuswa kama amelewa. Alipopigwa akakimbia, wakamfuata, na Mtume akauliza kwa nini hawakumwacha. Katika zama za Umar, mashahidi wanne walimshtaki Mughira bin Shuba, gavana wa Basra. Watatu wakasema wazi, wa nne akasitasita. Umar akawachapa wale watatu kwa kusingizia. Katika karne zote za dola ya Uthmaniya ya Waturuki, kisa kinachotajwa cha kupigwa mawe Istanbul ni kimoja, cha mwaka 1680. Kaskazini mwa Nigeria, Amina Lawal alihukumiwa mwaka 2002, na mahakama ya rufaa ya sharia ya Katsina ikamwachia mwaka 2003, kwa hoja za fikihi. Huku kwetu kadhi hafikii hata mlango wa kesi hizi: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170, inamwachia ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi.

Pakistani ndiko mjadala ulikoingia mahakamani waziwazi. Mwaka 1981 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia iliamua kwamba rajmu si hadi, yaani adhabu iliyopangwa na dini yenyewe, ya Kiislamu. Mwaka uliofuata, majaji wakiwa wamebadilishwa, uamuzi ukapinduliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1972 huko Libya, Sheikh Muhammad Abu Zahra wa Misri, mwanafikihi mkubwa wa wakati wake, alisimama kwenye kongamano akasema ana rai aliyoificha miaka 20: rajmu ilikuwa sheria ya Mayahudi, ikafutwa na An-Nur. Ukumbi ukamchachamalia. Yusuf Qaradawi, mwanachuoni aliyekisimulia kisa hicho, hakukubaliana naye kwamba hadithi zitupwe. Yeye alirudi kwenye hadithi ya Ubada bin Samit, inayompa asiyeoa mijeledi mia na kuhamishwa mji mwaka mmoja, na aliyeoa mijeledi mia na rajmu. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, wanasema kule kuhamishwa si hadi bali ni taziri, adhabu iliyoachiwa busara ya mtawala, ambaye anaweza kuitoa au kuiacha. Basi, akauliza Qaradawi, kama sehemu hiyo ya hadithi ni taziri, nini kinazuia rajmu iliyo kwenye hadithi hiyo hiyo isiwe taziri pia?