Cherehani hailaliwi

Juzi kwenye kikao chetu sisi tunaowasaidia mabinti wanaotaka kuacha biashara ya ngono, hapa hapa Mwanza, mgeni wetu mmoja kasimama: "Hawa mabinti wapeni vyerehani, biashara ya ngono wataacha." Makofi. Wimbo huu nimeusikia mpaka masikio yameota sugu.

Cherehani sina ugomvi nayo. Niambieni tu ataiweka wapi. Binti anayelala gesti Kirumba analipa kwa siku. Tuseme 7,000: kwa mwezi ni 210,000. Chumba cha 40,000 kule Igoma kingemtosha, basi watu husema hahami kwa kuwa kazoea starehe. Starehe gani? Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, 240,000, na dalali anadai ya mwezi mmoja juu yake. Huyu ananunua usingizi kwa rejareja, kama sukari ya kupimiwa. Siku asipopata kitu, begi linatolewa nje, na ndiyo siku anayomkubali hata mteja anayekataa kondomu.

Wa mialoni, kule mitumbwi inakoshusha dagaa, ndio kabisa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, uvuvi unasimama na hela inakauka. Mwenye nyumba haangalii mwezi wa angani, anaangalia wa kalenda.



Halafu kuna hili la kuwapangia wote nyumba moja. Wiki haiishi mtaa umeshaibatiza danguro, na kuendesha danguro ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Mwenye nyumba anaogopa, wote wako barabarani. Sisi tunatafuta vyumba vya mbalimbali, tunabembeleza tulipe miezi mitatu, kisha ndiyo tunazungumza habari ya mtaji. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) inapitia vikundi, na kikundi kinataka watu wanaojulikana mtaani. Wa gesti anajulikana na nani, mhudumu wa mapokezi?

Sasa yanayoninyima usingizi. Je, mwenye nyumba tumwambie? Zamani nilisema ukweli. Wawili walirudishiwa kodi yao siku ileile. Siku hizi nasema "ni binti anayeanza maisha". Si uongo, ila najua ninachokificha, na siku kitakapofumuka anayetimuliwa ni yeye, si mimi.

Na kuna mmoja tulimpeleka Buhongwa, chumba safi, umeme, maji uani. Wiki ya tatu nikamkuta Kirumba, gesti ileile.

"Shangazi, kule usiku mtoto namwachia nani?"

Usiku? Nilitaka kumuuliza, nikanyamaza. Alikuwa akisonga ugali wa kuuza stendi tangu saa kumi alfajiri, na mtoto alikuwa akilelewa na mwenzake wa chumba cha pili pale gesti. Sisi tulihamisha mtu mmoja, maisha yake tukayaacha.

Kwenye ripoti nilishaandika "amefanikiwa". Bado sijaifuta.