Jongoo kwanza, msitu baadaye

Kazi yangu ni ikolojia ya misitu, na wachimbaji wa mawe ya chokaa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, huniuliza kama shimo lililokwisha mawe linaweza kuota msitu. Linaweza. Ila wengi hukimbilia miche, na miche haiwezi kuanza peke yake.

Mawe yetu ya Songwe yametokana na chemchemi za maji moto: maji hupanda na chokaa iliyoyeyuka, yakifika juu hewa ukaa hutoka na chokaa huganda, tabaka juu ya tabaka. Ukishachimba, inabaki sakafu nyeupe inayoumiza macho saa saba mchana. Udongo hakuna. Chokaa nyingi nayo huunyima mmea chuma na fosforasi. Jani hugeuka njano, mishipa yake ikabaki kijani, na mche ukadumaa.

Mombasa walikutana na hayohayo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji 1954, kikichimba mwamba wa matumbawe ya kale, na mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kuyarudishia uhai machimbo hayo. Alipanda aina 26 za miti. Zilisimama tatu: mvinje, damasi na mnazi. Mizizi ya mvinje ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hausubiri udongo wenye rutuba.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi. Majani ya mvinje yalianguka yakarundikana bila kuoza; aliyetembea chini ya misindano ya Sao Hill, Mufindi, anajua zulia la namna hiyo. Haller akaleta majongoo. Jongoo hutafuna kile kikavu, na kinyesi chake ni chembe ndogo ambazo bakteria na kuvu huzimudu. Hapo ndipo udongo ulipoanza kujengeka, na miti mingine ikapata pa kushika. Wageni walifunguliwa mlango 1984, na leo machimbo hayo, yanayoitwa Haller Park, yana twiga na viboko.

Kwetu nisingeiga mvinje, mti wa pwani. Ningezunguka kingo za shimo kuona kilichojiotea kwenye nyufa, nikusanye mbegu zake, hasa za jamii ya mikunde. Nyasi zitangulie. Ule udongo wa juu ambao tingatinga hukwangua siku ya kwanza uwekwe kando, usichanganywe na kifusi. Kuuona ukifukiwa kunaniuma sana. Na majani makavu chini ya miche yasichomwe, majongoo wamo humo.